Masega niliyoyatoa Ilala na gari iliyofeli kipimo Uingereza

Mwaka 2014 niliipeleka gari yangu ya kwanza kwa fundi wa eksozi pale Ilala. Ilikuwa imekuwa nzito, unakanyaga mafuta injini inalia lakini gari haiendi, ukitoka Jangwani kupandisha Magomeni daladala zote zinakupita. Fundi hakuchomeka kompyuta wala nini. Aliingia chini, akagonga bomba kwa kiganja mara mbili, kikasikika kitu kinacheza ndani, akatoka akaniambia, "Bosi, masega yamekufa haya, yameziba. Tuyatoe tu, utaipenda mwenyewe." Nikamwambia toa. (Masega ni kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la eksozi, kwa Kiingereza catalytic converter.)

Wakakata kwa grainda, wakalipasua lile kopo la chuma kwa pembeni, kisha dogo mmoja akachukua patasi na nyundo akaanza kuyagonga. Yalikuwa yanadondoka kwenye gunia vipande vipande, rangi ya kijivu, vyepesi, ukikiinua kipande kimoja ukakitazama juani unaona vitundu vya pembe nne vimejipanga maelfu, vidogo kuliko tundu la sindano ya kushonea magunia, unaelewa kabisa kwa nini tunayaita masega. Vumbi lilitanda. Dogo alikuwa anazoa kwa mikono mitupu, nyusi zake zimekuwa nyeupe. Baadaye akaja jamaa na mzani mdogo, akapima, akalipa, kazi yote ikawa bure na mimi nikapewa elfu thelathini juu. Kopo likachomelewa tena likiwa tupu, likarudishwa mahali pake.

Gari ikawa inaruka. Na kwa sababu ilikuwa inaruka kweli, niliamini kwa miaka saba kwamba masega ni kitu ambacho Wajapani wanaweka kwa ajili ya sheria za kwao, huku kwetu hakina kazi. Niliwashauri na watu wengine watatu wakatoa. Naandika hii makala kwa sababu ya wale watatu, na kwa sababu kila wiki kwenye magrupu ya WhatsApp naona mtu anauliza "nitoe masega au nisitoe" na majibu ishirini yanasema toa.

Sasa twende 2021. Nipo Reading, Uingereza, nafanya kazi ghala la usiku, nina kahatchbeki ka mwaka 2006 nilikonunua kwa mtu. Huku gari ikishafika miaka mitatu inapimwa kila mwaka, kipimo kinaitwa MOT, bila hicho huendeshi. Wanaangalia breki, matairi, taa, kutu za chini, halafu wanapima moshi. Wanachomeka kifimbo cha chuma kwenye bomba la eksozi, wanaipigisha injini resi, mizunguko kati ya 2500 na 3000 kwa dakika, kwa muda wa nusu dakika, mashine inasoma, kisha wanaiacha saileni (injini inanguruma tu bila kukanyaga mafuta) inasoma tena. Kwa gari ya petroli ya umri ule, kwenye resi ya juu kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2, kwenye saileni isizidi 0.3, haidrokaboni (hayo ni mafuta ambayo hayajaungua) yasizidi chembe 200 katika milioni, na kuna namba nyingine inaitwa lamda inatakiwa iwe kati ya 0.97 na 1.03.

Asubuhi ile taa ya injini ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka kama miezi miwili. Na huku tangu Mei 2018 taa ya injini ikiwa inawaka tu umeshafeli, hata kifimbo hakijaingia. Kwahiyo mi nikachukua kile kimashine changu cha bluetooth cha kusoma kompyuta ya gari, nikafuta kodi (namba ya kosa) ya P0420, taa ikazima, nikamwaga na kopo la dawa ya kusafisha kwenye tangi nikaenda. Gari ikapita kila kitu isipokuwa moshi. Karatasi ilisema: kaboni monoksaidi 0.58, haidrokaboni 142, lamda 1.06.

Nilikasirika sana siku ile. 0.58 jamani, si hata asilimia moja. Nilikaa kwenye paking nikapiga simu kwa shemeji yangu, naye hapohapo akaniambia kuna kitu kinaitwa spesa, ni kama nati ndefu unaifunga kwenye sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega ili sensa ikae mbali na moshi, kompyuta inaona kila kitu safi, taa haiwaki tena milele. Mwingine akaniambia kuna mtu anaazimisha masega mazima, unafunga kwa siku ya kipimo halafu unarudisha. Mwingine anamjua mpimaji. Nikaona kwanza nimtafute mzee mmoja wa Mombasa ana gereji ndogo nyuma ya maduka, watu wa msikitini wote wanamwamini.

Nilimkuta anakunywa chai. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, akaninyooshea mkono nimpe karatasi, hakuuliza gari. Akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akasema, "Hii si shida moja mwanangu, hizi ni mbili. Hii ya juu masega. Hii ya chini, hewa yaingia mahali."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, na nataka nieleze taratibu kwa sababu hiyo karatasi watu wengi wanaiangalia kama matokeo ya mtihani, umefaulu umefeli, wakati ile ni kama karatasi ya maabara ya hospitali, inakuambia unaumwa wapi ukijua kuisoma.

Lamda inalinganisha hewa na mafuta. Petroli ili iungue sawasawa inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, ikiwa hivyo lamda ni 1. Ikishuka chini ya 1 mafuta yamezidi, ikipanda juu hewa imezidi. Masega kufa peke yake hakupandishi lamda, kwa sababu mashine inahesabu gesi zote pamoja, zilizoungua na ambazo hazijaungua. Kwahiyo 1.06 ilikuwa dalili kwamba kuna hewa ya nje inaingia kwenye bomba. Mzee akangoja injini ipoe, akawasha, akanipa kitambaa kibichi nizibe mdomo wa eksozi kwa sekunde chache, yeye akiwa chini na chupa ya maji ya sabuni ananyunyizia kwenye viungo. Akaniita. Kwenye flanji ya pili, nyuma ya sensa ya mbele, povu lilikuwa linachemka kama sufuria ya maharage. Gasketi imekwisha. Gasketi ya pauni sita.

Akabadilisha, akaweka na boliti mpya mbili kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, tukapima kwa mashine yake. Lamda 1.00. Kaboni monoksaidi bado 0.57.

Nilimuuliza, sasa kama mchanganyiko uko sawa kabisa moshi mbaya unatoka wapi? Jibu lake ndilo lililonirudisha Ilala kimawazo. Akasema injini nzima, mpya, iliyotoka kiwandani jana, hata mchanganyiko ukiwa sawasawa kabisa, inatoa kaboni monoksaidi kama nusu asilimia kabla ya kufika kwenye masega. Haiwezi kushuka sana chini ya hapo. Mle ndani ya silinda mafuta yana muda mdogo mno wa kuungua, resi 3000 ni mizunguko 50 kwa sekunde, na kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili, yaani mara 25 kwa sekunde, halafu ukuta wa silinda ni wa baridi ukilinganisha na moto, kuna mafuta yanabaki pembezoni hayajashikwa. Ile 0.57 ndiyo sauti ya injini isiyo na masega. Hakuna fundi duniani atakayeitunza mpaka ifike 0.2. Pale kwenye mkia kulikuwa na kaboni monoksaidi na oksijeni vinatoka pamoja bega kwa bega, vitu viwili ambavyo vinatakiwa vikutane viungue, na pa kukutania pamekufa.



Kazi ya masega ndiyo hiyo, kuwa mahali pa kukutania. Lile sega la udongo wa kauri halifanyi kitu lenyewe, limepakwa utando wenye punje ndogondogo za platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu kwa gari nzima, na vile vitundu vyote ni ili moshi upite ukisugua eneo kubwa. Kaboni monoksaidi inapewa oksijeni inakuwa kaboni dayoksaidi. Mafuta yasiyoungua yanakuwa maji na kaboni dayoksaidi. Na zile oksaidi za naitrojeni, ambazo zinawasha mapafu na kuamsha pumu, zinavunjwa zinarudi naitrojeni ya kawaida tunayovuta kila siku. Kuna na kitu kingine mle ndani, seriamu, inashika oksijeni ikizidi na kuiachia ikipungua, kama ndoo ya akiba. Masega yakiwa mazima na ya moto yanaua zaidi ya asilimia 90 ya hizo sumu zote tatu. Yakiwa baridi hayafanyi kitu, yanaanza kuamka kama nyuzijoto 250 hadi 300, ndo maana ukienda kupimwa umetoka nyumbani dakika tatu unaweza kufeli gari ikiwa nzima kabisa.

Mzee akachomeka kompyuta akanionyesha sensa mbili kwenye skrini. Ya mbele mstari wake unapanda unashuka, volti 0.1, 0.9, 0.1, 0.9, hiyo ni sawa, kompyuta inaongeza na kupunguza mafuta kila wakati. Ya nyuma inatakiwa itulie kama maji ya mtungini, karibu 0.6 au 0.7, kwa sababu ile ndoo ya akiba imemeza mawimbi yote. Ya kwangu ilikuwa inacheza vilevile kama ya mbele, mguu kwa mguu. Ndiyo maana ya P0420. Gari ilikuwa inaniambia hivyo miezi miwili na mi nilikuwa naifuta.

Halafu akafungua sensa ya mbele, akaingiza kamera ya waya kwenye lile tundu, nikaona mwenyewe. Nusu ya uso wa sega ilikuwa na vitundu vizuri. Nusu nyingine ilikuwa imeyeyuka, imeng'aa, imejikunja kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria, hakuna tundu hata moja.

"Gari hii ilikuwa yamisi?" akaniuliza.

Ilikuwa inamisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka. Miezi minne nyuma koili ya silinda ya tatu ilikuwa inakufa, gari ilikuwa inatetemeka ukiwa kwenye taa nyekundu, na taa ya injini ilikuwa haiwaki tu, ilikuwa inapepesa. Mi nilikuwa na shifti za usiku mfululizo nikasema nitaiangalia wikendi, wikendi zikapita tano ndo nikanunua koili. Kumbe taa ikiwaka ikatulia una muda wa kutafuta fundi, lakini ikipepesa maana yake hasa ni kwamba sasa hivi, dakika hii, petroli mbichi inapita kwenye silinda isiyowaka inaenda kuungulia ndani ya masega. Joto linapanda mpaka kauri inayeyuka. Wiki tano nilikuwa napika masega yangu mwenyewe.

Na hapo ndo nikaikumbuka ile gari ya Ilala. Ile nayo ilikuwa inakula oili, nilikuwa naongeza lita moja kila wiki tatu, nikawa nasema gari za Kijapani za zamani ndo zilivyo. Oili ikiungua inaacha majivu yenye fosforasi na zinki, yanaenda kupaka vile vitundu, punje za platinamu zinafunikwa, mwisho sega linaziba. Masega yaliziba kweli, fundi hakudanganya. Lakini hakuna aliyeuliza nini kimeyaziba, wala mimi mwenye gari, na tulipoyatoa gari ikapata pumzi na ringi zikaendelea kula oili mpaka 2016 nilipoiuza, moshi wa bluu nyuma yake, sasa bila kitu chochote cha kuuzuia. Masega hayafi yenyewe. Ni kama figo, ukiona zimekufa tafuta sukari au presha, na mtu anayekuambia tuzitoe tu utakuwa mwepesi, mwogope.

Nimejiuliza sana hiyo imani yetu ya kwamba masega hayana kazi ilitoka wapi, maana mafundi wetu si wajinga, ni watu wenye akili sana wanaotengeneza injini kwa spana tatu. Nadhani jibu liko kwenye petroli ya zamani. Mhandisi Mfaransa, Eugene Houdry, aliyekuwa anaishi Marekani, ndiye aliyebuni masega ya magari mwanzoni, akapata hati miliki miaka ya 1950, lakini hayakuuzika kwa sababu petroli ya wakati ule ilikuwa na madini ya risasi, na risasi inaua masega haraka sana, inapaka ule utando ukawa kama umepigwa rangi. Marekani ilibidi waanze kutoa petroli isiyo na risasi ndo magari ya 1975 yakaja na masega. Huku kwetu kusini mwa Sahara nchi zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuacha risasi, na ilipofika mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka. Nchi ya mwisho duniani kuuza petroli ya risasi kwenye vituo ilikuwa Algeria, ikaacha Julai 2021, mwezi mmoja kabla gari yangu haijafeli. Sasa fikiria fundi aliyejifunza kazi 1998 Dar es Salaam. Kila gari ya Kijapani iliyofika mikononi mwake masega yake yalikuwa hayana faida, petroli imeshayaua, na kuyatoa ilikuwa ni kuondoa uchafu. Alikuwa sahihi wakati ule. Akamfundisha kijana wake, kijana akamfundisha mwingine, petroli ikabadilika lakini somo likabaki lilelile.

Turudi kwenye gari. Ile spesa ya shemeji nilimtajia mzee, akaitoa moja kwenye droo akaniwekea mezani, alikuwa ameing'oa kwenye gari ya mteja. Akasema hii yafanya kazi moja tu, yanyamazisha taa. Kifimbo cha kipimo kinakaa mwisho wa bomba, hakijui habari za sensa, kinakula kile kinachotoka. Na kweli, kwa kipimo cha moshi cha Uingereza spesa haikuokoi kitu. Kinachonishangaza huku ni kwamba ule ujanja wangu wa kufuta kodi asubuhi ulipita, hawaangalii kompyuta ya gari, wanaangalia taa tu. California ni kinyume kabisa, kuna ndugu yangu yuko kule alinicheka sana kwenye simu. Kule gari za mwaka 2000 kuja juu hawaweki kifimbo, wanachomeka kompyuta, na gari ina orodha ya vipimo inavyojifanyia yenyewe ukiwa unaendesha, ukifuta kodi orodha nzima inarudi sifuri, wanaona hapohapo kwamba umefuta jana, rudi nyumbani ukaendeshe. Halafu mtu anaingia chini kwa macho, masega ya kubadilisha lazima yawe na namba ya idhini ya jimbo imegongwa kwenye chuma, na masega yaliyotumika ya kutoka kwa mtu mwingine hayaruhusiwi hata kidogo. Nilimsikiliza nikaona ni wakali mno. Mpaka alipoanza kunieleza Los Angeles ya zamani ilivyokuwa, watu wanatokwa machozi barabarani mchana kweupe kwa ajili ya moshi.

Bei sasa. Masega ya kampuni iliyotengeneza gari yangu yalikuwa karibu pauni 900, gari yenyewe nilinunua 1,100. Mtandaoni yalikuwepo ya pauni 70. Mzee akanikataza yale ya 70, akaniambia yanakuwa na madini kiduchu, yanapita kipimo mwaka huu yakiwa mapya, mwakani unarudi hapahapa unalia. Akanitafutia ya 210, yasiyo ya kampuni mama lakini yenye alama ya idhini, herufi E ndani ya duara na namba yake, maana kwa magari ya huku yaliyoidhinishwa kuanzia Machi 2001 inatakiwa iwe hivyo.

Na ule mwaka ulikuwa mbaya wa kununua. Rodiamu Machi 2021 ilifika karibu dola 29,000 kwa aunsi, dhahabu wakati ule ilikuwa haifiki hata karibu. Mtaani kwetu jirani mwenye Prius aliamka saa kumi na moja asubuhi kwenda kazini, akawasha gari ikanguruma kama trekta. Walikuwa wameingia chini usiku wakakata. Prius zinapendwa na wezi kwa sababu injini inafanya kazi nusu ya safari, nusu inabebwa na betri, masega yanabaki na madini mengi. Nilisimama naye pale barabarani tukiangalia bomba lililokatwa, limeng'aa, na nikakumbuka mzani mdogo wa Ilala na elfu thelathini yangu. Nilikuwa nimeuza kwa hiari yangu.

Siku ya kurudia kipimo mzee alinipa masharti. Koili nzima, plagi mpya, oili imebadilishwa, kisha niendeshe barabara kuu dakika ishirini kwa gia ya tatu resi isishuke 3000, nisizime gari, nimpigie mpimaji simu niingie moja kwa moja. Nilifika masega yananukia moto. Kifimbo kikaingia. Kaboni monoksaidi 0.01. Haidrokaboni 9. Lamda 1.00. Mpimaji akachapa karatasi kama karatasi nyingine zote za siku ile, mi nimeihifadhi mpaka leo kwenye droo ya hati za kusafiria.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna mtoto mmoja wa London lazima nimtaje. Ella Adoo-Kissi-Debrah, alikuwa anaishi kusini mwa London karibu na barabara yenye magari mengi, akafa kwa pumu Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Mama yake hakukubali iishie hapo. Desemba 2020 afisa anayechunguza vifo akaamua kwamba hewa chafu ya magari ilichangia kifo chake, ikaandikwa. Nilisoma hiyo habari nikiwa na mwanangu wa kike amelala pembeni, ana miaka minne, anatumia kifaa cha kuvuta dawa ya pumu, kile cha bluu. Nikajiuliza ni nani Dar es Salaam anachunguza kama kuna Ella wa Buguruni, wa Tandika, wa pale Mbagala mataa ambapo mabasi yanasimama na watoto wa shule wanasimama palepale usawa wa eksozi. Urefu wa mtoto wa darasa la pili ndo urefu wa moshi unakotua. Simlaumu mtu asiye na hela. Masega yaliyoziba kabisa yanaua injini, na mtu mwenye biashara ya gari hawezi kukaa wiki tatu anasubiri. Ila toa kile kilichokufa uweke kizima, na ponya kilichokiua. Kariakoo kuna masega ya mtumba ya Japani yamekatwa kwenye magari yaliyogongwa, yamefanya kazi miaka kumi na bado yanafanya.

Desemba 2023 nilirudi likizo. Mtoto wa mjomba ana gari ya abiria ya mtandaoni, akanipokea eapoti, kabla hatujafika Tazara macho yalikuwa yananiwasha. Nikamuuliza, masega umetoa? Akacheka akasema zamani kaka, wewe mwenyewe ulinishauri. Ni mmoja wa wale watatu.

Tulienda pamoja Ilala. Fundi wangu hayupo, yule dogo wa patasi sasa ndo mwenye ofisi, ana vijana wanne, anakohoa. Sikutaka kumhutubia mtu kazini kwake. Nilimnunulia barakoa za vumbi boksi moja, nikamweleza kwamba ule unga wa masega si wa kuvuta, akaniambia hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Tukakaa kwenye benchi nikamchorea ile mistari miwili ya sensa kwenye boksi la sigara, akaielewa haraka kuliko mimi nilivyoielewa, akasema kwahiyo bosi hata kabla sijakata naweza kujua kama yameziba au yamekufa au mazima? Nikamwambia ndiyo, na ukifungua sensa ya mbele gari ikapata nguvu ghafla yameziba, isipopata nguvu tafuta kwingine. Akaniuliza kimashine kinauzwa wapi. Nilimwachia changu.

Mtoto wa mjomba alipata masega ya mtumba pale mtaa wa Gerezani kwa shilingi laki mbili na themanini, plagi na koili moja tukaweka juu yake. Mimi niliondoka kabla kazi haijaisha. Jumapili yake akanitumia video ya sekunde kumi na mbili, imepigwa ndani ya gari, redio inasikika nyuma. Mstari wa mbele unapanda unashuka. Wa nyuma umetulia, 0.68, 0.69, 0.68.